Kioo cha gari kilivyogeuka skrini

Ukisikia watu wa magari wakijisifu kwamba kioo cha mbele sasa kinachora mishale juu ya barabara yenyewe, usidhani wazo hilo limezaliwa jana. Mwaka 1900 Howard Grubb, mtengenezaji wa darubini huko Dublin, alibuni kifaa cha kulengea bunduki ambacho alama yake huakisiwa na kipande cha kioo, ikaonekana kana kwamba iko kule kule kwenye shabaha. Jicho halina haja ya kurudi karibu. Siri ni hiyo, mengine ni nyongeza.

Ndege za kivita zikaichukua. Buccaneer ya Uingereza, iliyoruka mara ya kwanza 1958, ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kumwekea rubani habari mbele ya macho. Mwaka 1988 General Motors wakaitia kwenye Oldsmobile Cutlass Supreme: kasi na taa chache za ishara, basi.

Sisi tunaoandika programu tungependa kujaza kioo kizima. Mimi nawakumbusha wenzangu jaribio la NASA la 1980. Marubani walikaa kwenye mashine ya kuigiza urukaji, wakatua kwa kusoma alama kwenye kioo. Bila kuambiwa, wakawekewa ndege nyingine katikati ya njia ya kutua. Baadhi yao hawakuiona kabisa, ingawa walikuwa wakitazama huko huko!

Mwaka 2020 Mercedes S-Class na Volkswagen ID.3 zikaja na mishale inayoelea yapata mita 10 mbele. Piga hesabu: kwa kilomita 100 kwa saa, gari hula karibu mita 28 kila sekunde. Programu ikichelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde, mshale umekosea kwa mita 2.8. Na hapo gari halijaingia shimoni bado.

Halafu kuna kioo chenyewe. Ni vioo viwili vilivyogandishwa kwa utando wa plastiki, na uso wa ndani na wa nje kila mmoja huakisi picha yake. Wenye viwanda huufanya utando uwe mnene zaidi juu kuliko chini ili picha zilaliane. Kwa hiyo ukiagiza gari kuukuu la Japani lenye kifaa hiki, kisha kioo kipasuke, mwambie fundi asikubandikie cha kawaida. Utaendesha ukiona 80 mbili.