Usakaji Unaozingatia Bahati

Neno la Kiingereza "risk" huwatega watafsiri wa elimu ya wanyama. Katika habari za afya au usalama barabarani, "hatari" hulitosha. Wataalamu wa tabia za wanyama, hata hivyo, wanapoeleza jinsi kiumbe anavyotafuta chakula, mara nyingi hawakusudii adui wala sumu. Wanazungumzia pato lisilotabirika: ua hili limejaa, linalofuata ni tupu. Kwa maana hiyo tunapendekeza "usakaji unaozingatia bahati", ili "hatari" ibaki na kazi yake ya kawaida.

Nyuki bambi, mdudu mnene mwenye manyoya asiyepatikana kiasili kusini mwa Sahara, ndiye anayeonyesha vizuri tofauti hiyo. Mwaka 1981 mtafiti Leslie Real alichapisha majaribio ya maua bandia ya buluu na njano. Katika rangi moja, kila ua lilikuwa na mikrolita 2 za kinywaji kitamu. Katika nyingine, ua moja kati ya matatu lilikuwa na mikrolita 6, na mawili yalikuwa makavu. Wastani ni uleule, lakini nyuki wengi waliandama maua ya uhakika.

Njaa hugeuza hesabu. Nyuki hawa hawana shehena ya asali kama ya nyuki wa mzinga. Vijungu vyao vya nta huweka akiba ya siku chache tu. Mwaka 1990 Ralph Cartar na Lawrence Dill walivijaza vijungu hivyo, kisha wakapunguza akiba iliyomo. Akiba ilipokuwa tele, nyuki walipendelea maua yasiyobadilika. Ilipopungua, waliyaendea zaidi yale ya kubahatisha. Ni kama mtu anayedaiwa jioni hiyohiyo: ujira mdogo wa kibarua hautalipa deni, basi hujaribu biashara inayoweza kumtoa.

Hatari ni jambo jingine.

Buibui-kaa huvizia juu ya ua, na wengine hujigeuza rangi kutoka nyeupe hadi njano. Mwaka 2008 Thomas Ings na Lars Chittka wa London walitengeneza buibui bandia wenye vibanio vya sponji, vilivyomshika nyuki kwa sekunde 2 na kumwachia bila kumdhuru. Nyuki walijifunza upesi kuyakwepa maua yenye buibui. Pale buibui alipofanana rangi na ua, walitumia muda mrefu zaidi kulikagua kabla ya kutua, na wakati mwingine waliyaruka hata maua salama. Usakaji wa namna hiyo tunauita "usakaji unaozingatia hatari".

Kwa nini "unaozingatia", si "wa kubahatisha"? Kwa sababu nyuki aliyeshiba anayekwepa bahati naye anaizingatia. Tena istilahi haidai kwamba kila mdudu atageuka akiba ikipungua: utafiti wa Banschbach na Waddington wa mwaka 1994 kuhusu nyuki wa asali uliona kwamba kiasi cha asali mzingani hakikubadili uchaguzi wao.