Kununua gari lililotumika: Hati kwanza, injini baadaye

WAKAZI wengi wa mitaa ya Eastlands jijini Nairobi hununua gari la kwanza kwa akiba ya miaka mingi au kwa mkopo wa chama cha ushirika. Gari likiharibika au likitwaliwa na mwenyewe, mkopo haukomi. Huendelea kukatwa kwenye mshahara kila mwezi.

Hata hivyo, wanunuzi wengi hukimbilia kufungua boneti kabla ya kuuliza gari ni la nani. Injini mbovu yaweza kutengenezwa katika gereji za Kariobangi Light Industries, lakini hakuna fundi awezaye kumpa mnunuzi haki juu ya gari ambalo muuzaji hakuwa na ruhusa ya kuliuza.

Mmiliki halisi

Hatua ya kwanza ni kuomba rekodi za gari kutoka kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani (NTSA) kupitia mtandao wa eCitizen, kwa ada ndogo. Mnunuzi afanye hivyo mwenyewe, wala asitosheke na karatasi aliyoletewa na dalali.

Jina lililo kwenye rekodi lilinganishwe na kitambulisho cha muuzaji. Kwa mujibu wa Sheria ya Trafiki, aliyesajiliwa ndiye huchukuliwa kuwa mmiliki, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Anayedai kuuza kwa niaba ya ndugu aonyeshe idhini ya maandishi, na mnunuzi azungumze na ndugu huyo ana kwa ana. Ikiwa mmiliki amefariki, jamaa hawana mamlaka ya kuuza gari kabla ya mahakama kuwateua wasimamizi wa mirathi.

Nambari ya chesisi na ya injini zisomwe kwenye gari lenyewe na kulinganishwa na rekodi. Nambari iliyokwaruzwa au kuchomelewa upya ni sababu tosha ya kuondoka.

Jambo jingine ni deni. Magari mengi huwekwa rehani kwa benki na kampuni za mikopo. Muuzaji anayesema amemaliza kulipa athibitishe kwamba mkopeshaji ameliachilia gari rasmi. Tangu Sheria ya Haki za Dhamana ya Mali Inayohamishika ya mwaka wa 2017 ipitishwe, pia kuna sajili ambamo mnunuzi anaweza kupekua kama gari limewekwa dhamana.

Umri na masafa

Nambari ya usajili huonyesha wakati gari liliposajiliwa nchini, si mwaka lilipoundwa. Kenya huruhusu magari yaliyotumika kuingizwa iwapo umri wao hauzidi miaka 8. Gari la mfululizo wa KDA lililosajiliwa mwaka wa 2020 laweza kuwa liliundwa 2013. Mwaka wa kuundwa ndio unaopaswa kuongoza bei.

Kipimo cha masafa nacho hurudishwa nyuma na walaghai. Ikiwa kinaonyesha kilomita chache ilhali mpira wa breki umelika, usukani umelainika na kiti cha dereva kimebonyea, kipimo hakiaminiki. Toyota Probox iliyobeba mizigo huonyesha uchovu kwenye springi za nyuma, na Vitz iliyotumika kama teksi kwenye viti vya abiria.

Bodi

Gari likaguliwe mchana, likiwa kavu. Rangi inayotofautiana kati ya mlango na mlango, au mianya isiyolingana, huashiria ajali. Sumaku hainati vizuri palipozibwa kwa puti nene.

Baada ya mafuriko yaliyokumba Nairobi mwezi wa Aprili na Mei 2024, ni busara pia kuinua zulia la gari. Matope yaliyokauka, harufu ya uvundo na kutu kwenye reli za viti ni dalili kwamba gari lilizama. Hitilafu za nyaya huweza kujitokeza miezi kadhaa baadaye.

Injini na barabara

Injini iwashwe ikiwa baridi. Muuzaji aliyeipasha moto kabla ya mnunuzi kufika huenda anaficha ugumu wa kuwaka. Moshi wa samawati humaanisha oili inaungua. Moshi mweupe usiokoma huashiria maji kuingia ndani ya injini. Mweusi ni mafuta kupita kiasi. Utando kama maziwa chini ya kifuniko cha oili ni ishara mbaya.

Kisha gari liendeshwe kwa angalau nusu saa. Msongamano wa Barabara ya Jogoo utaonyesha iwapo injini hupata joto kupita kiasi. Outer Ring itaonyesha iwapo gari huvuta upande mmoja, iwapo gia za otomatiki huingia kwa mshtuko, na iwapo breki hutetemesha usukani.

Fundi anayekagua awe wa mnunuzi, wala si rafiki wa muuzaji. Chama cha Magari (AA) pia hukagua magari kwa malipo. Bei za vipuri ziulizwe Kirinyaga Road kabla ya kuafikiana, kwani rahisi huvunja upishi.

Malipo

Makubaliano yaandikwe na kutiwa sahihi mbele ya wakili au mashahidi, yakitaja nambari za gari, bei na saa ya kukabidhiana. Saa hiyo ni muhimu iwapo gari lilihusika katika ajali au kosa siku hiyo hiyo.

Malipo yapitie benki hadi kwa akaunti ya mmiliki aliyesajiliwa, si ya dalali. Muuzaji aanzishe uhamisho kwenye eCitizen wakiwa pamoja, naye mnunuzi aukubali. Sheria hairuhusu gari kutumiwa barabarani zaidi ya siku 14 baada ya umiliki kuhamishwa bila mmiliki mpya kusajiliwa.

Muuzaji mwaminifu hatakerwa na ukaguzi huu. Anayesema kuna mteja mwingine njiani na pesa taslimu aachiwe mteja huyo, kwani mbuzi wa kwenye gunia hujulikana alivyo baada ya pesa kutoka.