Tairi Pana Haipandi Mlima: Nilivyowadanganya Maboi wa Ziwani

Watu wangu, leo naanza na pole, halafu ndio niwape historia.

Mnakumbuka nilivyoandika hapa ati siri ya bagi ya kupanda mlima ni tairi za nyuma, na siri ya tairi za nyuma ni upana, basi? Nilikuwa nimeangalia video za jangwani wiki nzima nikajiona mtaalamu. Sasa, kuna maboi watano wa mtaa wetu wanajenga bagi pale jua kali ya Ziwani. Wametoa bodi ya Volkswagen Beetle, injini imebaki nyuma, juu ni mabomba ya chuma yamechomelewa. Waliniamini. Walichanga shilingi 46,000, wakanunua tairi mbili pana za mitumba na rimu zake.

Siku ya kwanza tulienda Kitengela, mvua ilikuwa imenyesha usiku. Kamlima kadogo, hata punda angekapanda akitafuna nyasi. Bagi ikakaa pale chini ikizungusha tairi kama feni. Udongo mweusi ulijaa kwenye meno mpaka tairi zikawa laini kama sabuni. Tuliisukuma masaa matatu. Kurudi nyumbani hakuna aliyeniongelesha.

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sina lekchara wa kunirekebisha. Nikaanza kujisomea. Kilichoniuma ni kwamba jibu lilikuwa hapa kwetu tangu zamani, na mimi nilikuwa nalitafuta California.

Turudi 1953. Malkia Elizabeth anatawazwa Uingereza, na huku Afrika Mashariki wapenda magari wanaanzisha mashindano ya kusherehekea, Coronation Safari. Hayo ndiyo yalikuja kuitwa Safari Rally. Kumbuka hiyo ilikuwa katikati ya Hali ya Hatari. Mwaka 1954, wakati wazee wa Eastlands walikuwa wanakusanywa na askari kwenye Operesheni Anvil, magari yalikuwa yanakimbia tena kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Ukiwa Mwafrika wa Ziwani miaka hiyo, kutoka tu mtaani ulihitaji karatasi. Kwa hivyo siwaletei hii stori kama ya enzi tamu. Naileta kwa sababu ya gari lililoshinda 1954: Volkswagen Beetle, ikiendeshwa na Vic Preston na D. P. Marwaha. Beetle ikashinda tena 1957, na tena 1962.

Angalia hiyo gari vizuri. Nguvu ya injini haikufika farasi 40. Inasukumwa na magurudumu ya nyuma pekee. Na tairi? Beetle ya miaka hiyo ilitoka kiwandani na tairi ya upana wa inchi 5.6 kwenye rimu ya inchi 15. Hiyo ni nyembamba kuliko za probox nyingi unazoziona Kirinyaga Road leo.

Sasa mbona ilipanda? Injini ya Beetle imekaa nyuma kabisa, juu ya magurudumu yanayosukuma. Ukipanda mlima, uzito unazidi kurudi nyuma. Kwa hivyo tairi zinakandamizwa chini zaidi pale pale unapohitaji. Na uzito huo ukikaa juu ya tairi nyembamba, tairi inakata ile tope laini ya juu, inafika kwenye udongo mgumu wa chini na kushika. Tairi pana inagawa uzito huohuo mahali pakubwa, inaelea juu ya tope kama mtumbwi. Kwenye mchanga mkavu unataka kuelea. Kwenye tope la Kitengela, kuelea ndiko kulitupa aibu.

Madereva wa Safari walilijua hili hadi wakalifanya kituko. Miaka ya 1970, magari mengi ya Safari yalikuwa na vishikio nyuma na mahali pa kukanyaga. Mkikwama kwenye tope, msaidizi wa dereva anashuka, anaruka kwenye bampa ya nyuma na kurukaruka pale huku gari likienda. Yeye mwenyewe amegeuka kuwa uzito wa tairi. Watu walifika huko kwa sababu tope lilikuwa halina huruma: 1963 na tena 1968, yalianza magari zaidi ya 80 na yakamaliza 7 tu.

Hapa kati, kule California, 1964, jamaa anaitwa Bruce Meyers alichukua mitambo ya Beetle, akaivalisha bodi nyepesi ya faiba. Ndio Meyers Manx, mama wa bagi zote unazoziona kwenye simu yako. Wenzake wa kule waliweka tairi pana nyuma kwa sababu walikuwa wanacheza ufukweni na kwenye vilima vya mchanga. Walichagua sawa kabisa, kwa ardhi yao. Kosa ni langu: nilichukua jibu la mchanga nikalipeleka kwenye udongo mweusi.

Baada ya kusoma nikavuka kwenda Kariokor sokoni. Nilitaka kuongea na mtu anayezijua tairi kwa ndani, na hakuna anayezijua kama fundi wa akala.

"Mzee, habari ya kazi?"

"Nzuri, kijana wangu. Unataka saizi gani?"

Nikamwambia sitaki akala, nataka somo. Akacheka, akanionyesha vipande viwili. Kimoja kilikuwa na nyuzi za nailoni, kisu kinapita. Kingine kilikuwa na waya za chuma chini ya meno. Huo mpangilio wa waya ni wa tairi ya radial, ambayo Michelin waliileta sokoni baada ya vita vya pili. Kisha akabonyeza ubavu wa kile kipande kwa kidole gumba. "Hapa ndio hufa," akasema. "Meno bado mazuri, ubavu umekatwa na jiwe. Mimi huletewa hizo kila wiki."

Hilo wanalijua pia wanaokwenda Rhino Charge, yale mashindano yaliyoanza 1989 kuchangia ua wa umeme wa Aberdare. Pale anayeshinda ni anayepitia vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi, kwa hivyo watu wanakata moja kwa moja juu ya mawe. Ubavu dhaifu haufiki mbali.

Sasa niseme nilichopaswa kusema mara ya kwanza.

Anza na ardhi. Tope lenye udongo mgumu chini yake: tairi nyembamba, ndefu kiasi, meno makubwa yenye nafasi kati yake ili tope liruke likizunguka. Mchanga: pana, presha chini. Mawe: ubavu mnene. Na kama mvua imenyesha wiki nzima na udongo mweusi umelowa hadi ndani, hakuna tairi itakuokoa, rudi nyumbani.

Halafu urefu. Tairi ndefu inainua tumbo la gari, sawa, lakini inakula nguvu. Ukitoka tairi ya sentimita 65 kwenda juu ukaweka ya 78, msukumo pale chini unapungua karibu sehemu moja kati ya sita. Injini ya Beetle haina nguvu za kugawa bure.

Mwisho rimu. Msidanganywe na rimu kubwa inayong'aa. Rimu ya inchi 15 inaacha ubavu mrefu, unaweza kupunguza upepo na tairi ikajilaza kwenye ardhi. Na rimu inayochomoza sana nje inavuta beringi mpaka zilie. Hizo ni za picha.

Maboi waliuza zile tairi pana kwa 30,000. Hasara ni 16,000, na ni yangu. Nimekubaliana nao nilipe 2,000 kila mwezi kutoka kwa kadoo ninakopata hapa. Wenye kusoma hii post, sasa mnajua pesa yenu inaenda wapi.

Wamepata tairi mbili nyembamba za mitumba za pikapu kuukuu, meno yapo, ubavu haujakatwa. Jumamosi tunarudi Kitengela, kamlima kale kale. Bagi ikipanda, nitawaonyesha. Ikikwama pia nitawaonyesha, na mkiona kuna mtu amesimama nyuma anarukaruka kwenye mabomba, mjue ndio mimi.