Ufa wa Dashibodi

Neno dashibodi lilikuwapo kabla ya gari lenye injini. Huko Ulaya na Marekani, katika enzi ya magari ya kukokotwa na farasi, lilikuwa jina la ubao au kipande cha ngozi kilichosimamishwa mbele ya miguu ya mwendeshaji, ili tope lililorushwa na kwato lisimchafue. Farasi akaondoka, jina likabaki, likapewa mahali pa saa ya mwendo na mshale wa mafuta. Nalitaja jambo hili mwanzoni kwa sababu tunaposimulia historia ya gari, wengi wetu husimulia injini na ushindi. Sehemu ya ndani, ambayo binadamu huigusa kila siku kwa mikono na mgongo wake, tunaipita kana kwamba haina habari ya kutupa.

Tuchukue mfano wa Datsun 240Z. Hili ni gari la michezo, yaani gari dogo la watu wawili lililoundwa kwa ajili ya mwendo na raha ya kuendesha. Gari la jamii hiyo lilitolewa Japani mwishoni mwa 1969 kwa jina la Fairlady Z. Mwaka 1970 lile la kuuzwa nje, lenye injini ya silinda sita na lita 2.4, likaingia Marekani kwa dola 3,526.

Watu wa rika langu Afrika Mashariki hawahitaji kutambulishwa kwake. Mashindano ya Safari yalianzishwa mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa 240Z. Mwaka 1973 akashinda Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews, katika gari la aina hiyo hiyo. Majina hayo yamo vitabuni. Mimi nataka tufungue mlango tutazame ndani.

Ndani ya gari hilo hapakuwa na anasa ya magari ya michezo ya Kiingereza ya zamani, yaliyosifika kwa viti vya ngozi na mbao zilizong'arishwa. Viti vilivikwa vinili, ile plastiki laini inayoigiza ngozi. Dashibodi ilikuwa ganda la vinili lililofunika sponji. Asiyefikiri atasema huo ulikuwa ubahili wa Wajapani. Mimi naona ndimo ilimo historia yenyewe. Ngozi hutaka mnyama, mtengenezaji na fundi wa kushona. Vinili hutoka kiwandani kwa maelfu ya mita, kila mita sawa na mwenzake. Vifaa vya namna hiyo vilisaidia kushusha bei, na gari la michezo likaanza kufikiwa na mtu anayeishi kwa mshahara.

Lakini urahisi una deni lake. Vinili kwa asili ni kitu kigumu. Hulainishwa kwa kemikali zinazochanganywa ndani yake. Gari likiachwa juani mwaka baada ya mwaka, kemikali hizo hutoka polepole, na baadhi yake huonekana kama ukungu wa mafuta upande wa ndani wa kioo cha mbele. Ganda hukauka na kusinyaa, nayo sponji chini yake hutanuka mchana na kunywea usiku. Hatimaye ganda hupasuka. Wapenzi wa 240Z dunia nzima wanaujua ufa huo, kwa kuwa dashibodi nyingi za magari hayo zimepasuka. Ufa ule ni salio la bei nafuu ya mwaka 1970.

Sasa mwenye gari afanye nini? Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na mafundi wa kazi hii wanakubaliana nao, ila wanaongeza kwamba kuna kuziba na kuna kuficha. Kuziba ni kazi ya subira. Kwanza uchafu na mafuta ya kung'arishia yaondolewe kabisa, maana palipobaki mafuta hapashiki rangi. Kingo za ufa zilizojikunja zikatwe, ufa upanuliwe kidogo ili kijazio kipate pa kushika. Kijazio kiwe chenye kunyumbuka. Puti ngumu ya bodi itapasuka tena jua likirudi. Kisha msasa laini, kisha kuigiza vinyweleo vya vinili ya asili, kisha rangi maalumu ya vinili ipulizwe tabaka jembamba baada ya jembamba. Mwenye haraka hupiga tabaka moja nene, naye hurudia kazi.

Kuficha ni rahisi zaidi. Huuzwa vifuniko vya plastiki vya kugundishwa juu ya dashibodi iliyopasuka. Si dhambi kukitumia, mradi mnunuzi aambiwe. Asipoambiwa, amenunua sura ya gari na kuachiwa maradhi yake.

Katika miaka ya 1990 kampuni ya Nissan kule Marekani ilinunua magari ya 240Z yaliyochakaa, ikayafanya upya na kuyauza kwa karibu dola 25,000 kila moja. Yaliyokamilika hayakufika hamsini. Nafikiri sababu moja ni kwamba kurudisha kitu katika hali ya upya hula saa nyingi za mikono, na saa za mikono hazitoki kiwandani kama vinili.

Kwa miaka mingi niliwaambia wanachuo wangu wa ualimu kwamba kitu cha zamani husomwa kama kitabu. Kwa hiyo nisingeshauri kila alama ifutwe. Ufa ukitibiwa, gari huendelea kutumika, na hilo ni jema. Lakini kirungu cha gia kilicholainishwa na kiganja, au ukingo wa kiti uliochakaa upande ambao dereva huingilia, hauharibu kitu. Humo ndimo ilimobaki habari ya mtu ambaye jina lake halimo katika orodha ya washindi. Gari lililoshinda Safari ya 1971 lilirudishwa Japani, na mwaka 2013 wafanyakazi wa Nissan walilitengeneza hata likatembea tena. Wanaoshika msasa mbele ya gari kama lile wana kazi ngumu kuliko ya rangi: kuamua lipi ni uharibifu na lipi ni ushahidi. Rangi ikikosewa hupulizwa tena. Ushahidi ukisuguliwa haurudi.