Nani Alikichonga Kinyago Hiki?

Ndugu msomaji, wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Methali hiyo niliikumbuka hivi karibuni nikiwa safarini kutoka Makuyuni kwenda Ngorongoro, kwenye ile barabara inayopita Mto wa Mbu, ikapanda ukuta wa Bonde la Ufa na kutokeza Karatu.

Tulisimama Karatu kwa chai. Jirani na mgahawa palikuwa na duka la vinyago, moja kati ya mengi yaliyojipanga kandokando ya lami. Mgeni mmoja, mzee wa makamo mwenye kofia pana, alikuwa ameshika sanamu nyeusi ya kikongwe mwenye fimbo. Akauliza ina umri gani. Kijana muuzaji akamjibu bila kupepesa macho: miaka mia mbili, kazi ya Wamasai wa kale wa kreta. Mgeni akalipa, akaondoka na furaha yake. Mimi nikaishika sanamu iliyokuwa pembeni yake. Vidole vyangu vikabaki na weusi, na puani ikanijia harufu niliyoizoea tangu siku za gwaride la shule: rangi ya viatu.

Sikumsema kijana yule. Naye anatafuta riziki, na gari la watalii halisimami mara mbili. Lakini njia nzima hadi lango la Loduare nilikuwa najiuliza: sisi wenyewe, wenye nchi, tunajua vinyago hivi vimetoka wapi?

Wamasai si wachongaji wa sanamu za watu. Ufundi wao ni shanga, rungu na vibuyu vya maziwa. Wairaqw, ambao Karatu ndiko kwao, wanasifika kwa kilimo na kwa nguo zao za ngozi zilizotiwa nakshi. Wadatoga wa upande wa Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, ni wafua chuma, na Wahadzabe hupata kwao vyembe vya mishale. Kinyago cha mpingo ni mgeni pale Karatu, sawasawa na yule aliyekinunua.

Kimetoka kusini. Kwao ni nyanda za juu za Wamakonde, zilizogawanywa na Mto Ruvuma: upande huu Newala, upande wa pili Mueda, Msumbiji. Wamakonde wenyewe husimulia kwamba mtu wao wa kwanza aliishi peke yake porini, akachonga umbo la mwanamke kwa mti, akalisimamisha, na asubuhi likawa mwanamke hai, mama wa kabila zima. Kwa watu wenye simulizi kama hiyo, kuchonga si mchezo. Walichonga barakoa za ngoma za jando na unyago kwa mti mwepesi, ili mchezaji aweze kuzivaa. Hazikuchongwa ziuzwe barabarani.

Kilichoziondoa patasi kijijini ni shida. Chini ya Wareno, wanaume wa Msumbiji walilazimishwa kufanya kazi na kulipa kodi iliyowaelemea. Wengi wakavuka Ruvuma, wakaja Tanganyika kukata mkonge. Waliobaki hawakusalimika: tarehe 16 Juni 1960, pale Mueda, askari wa Kireno waliwafyatulia risasi wananchi waliokusanyika kudai haki zao. Miaka miwili baadaye, tarehe 25 Juni 1962, FRELIMO ikaundwa hapa Dar es Salaam.

Katika msafara huo wa watu walikuwamo wachongaji. Mjini walikuta soko jipya, yaani Wazungu wenye fedha waliotaka kumbukumbu ya kupeleka kwao. Katika miaka ya 1950 mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam mwenye asili ya Kiasia, Mohamed Peera, alianza kununua kazi zao na kuwahimiza wachonge mpingo. Mwishoni mwa miaka hiyo Samaki Likankoa akaleta kitu kisichowahi kuonekana: kiumbe cha ajabu, viungo vimepindana, sura si ya mtu wala ya mnyama. Huo ndio ukawa mtindo wa shetani. Naye Roberto Yakobo Sangwani anatajwa kuwa mwanzilishi wa ule mnara wa watu waliobebana. Husimuliwa kwamba mwanzoni mnara huo ulimwonyesha bingwa wa mieleka aliyeinuliwa na wenzake. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 dunia nzima ikauita Ujamaa.

Kwa hiyo, msomaji wangu, kinyago kile cha "miaka mia mbili" ni cha mtindo ulio rika moja na babu zetu. Umezaliwa na mkonge, na kodi, na uhamiaji, na mji. Jirani zetu Wakamba wana historia inayofanana. Husimuliwa kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu, Ukambani, alijifunza uchongaji kwa Wazaramo alipoletwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akaurudisha kwao ukawa biashara ya maelfu ya watu.

Wala si sisi peke yetu. Kule visiwa vya Pasifiki kuna sanamu ziitwazo tiki. Kwa Wamaori, Tiki ni jina la mtu wa kwanza katika simulizi zao, na sanamu zile zilikuwa na heshima yake. Katika miaka ya 1930 wenye baa wa California walianza kupamba kumbi zao kwa mambo ya visiwa hivyo, na baada ya vita vya 1945 askari waliorudi kutoka Pasifiki wakazidi kuyapenda. Leo Mmarekani akipata gogo uani huwasha msumeno wa mashine na kujichongea tiki kwa burudani ya Jumamosi. Simlaumu. Lakini wenye tiki wana haki ya kuuliza kama anajua anachonga nini.

Swali hilo linatuhusu na sisi, maana mti wenyewe unakwisha. Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia ukubwa wa kuvunwa. Ni mzito kiasi cha kuzama majini, na weusi wake umo moyoni, umezungukwa na ganda jeupe. Ulaya huutaka kwa zumari na klarineti. Kule Kilwa vijiji vilianza kulinda na kuvuna misitu yao kwa mpango, na mwaka 2009 vilipata cheti cha kimataifa kwa kazi hiyo. Penye uhaba wa mpingo ndipo mti wowote mweupe unapopakwa rangi ya viatu na kupewa miaka mia mbili.

Nikiwa Karatu nilimtembelea mwalimu mmoja mstaafu. Uani kwake kuna magogo ya mjakaranda ulioangushwa na upepo. Kila jioni anatoa tezo, patasi na tupa, anachonga: mara bundi, mara bibi aliyebeba kuni. Hauzi. Nikamuuliza faida yake nini. Akacheka, akakilaza kinyago kimoja na kunionyesha kitako chake. Palikuwa na jina lake na mwaka, vimekatwa kwa ncha ya kisu. "Mwanangu," akaniambia, "kitu kisicho na jina la aliyekifanya, kila mtu atakisemea lake."

Sijapata jibu lililo bora kuliko hilo. Tunawajua Likankoa na Sangwani kwa sababu kuna waliojali kuyaandika majina yao. Maelfu ya wengine, walioinama juu ya gogo mchana kutwa, kazi zao zimo kwenye sebule za Ulaya na Marekani, na hakuna anayejua waliitwa nani. Sebuleni kwa marehemu baba yangu kulikuwa na mnara wa Ujamaa. Niliukuta, nimekua nao, na sikuwahi kuugeuza nitazame chini. Juzi niliporudi nyumbani niliugeuza. Kitako kilikuwa kitupu.

Basi siku ukisimama Karatu, au ukipita kwa wachonga vinyago wa Mwenge, usiulize bei kwanza. Uliza nani amekichonga. Kama yupo, mwombe akate jina lake chini. Kama hayupo, mwambie muuzaji akutajie, uliandike mwenyewe. Haitakugharimu hata shilingi moja.

Tuonane wiki ijayo, panapo majaliwa.