Ya Pili kwa Hesabu ya Nani?

Nikiwa mtoto Oloipiri, nilimuuliza katekista: ikiwa Yesu alifufuka siku ya kwanza ya juma, mbona tunaiita Jumapili? Akanijibu, "Wewe sema Dominika."

Dominika imetoka Kilatini, maana yake siku ya Bwana. Jumapili imetoka pwani. Waswahili Waislamu walianza kuhesabu siku baada ya Ijumaa, siku yao ya kukusanyika: Jumamosi ya kwanza, Jumapili ya pili. Wamisionari wa karne ya 19 waliikuta hesabu hiyo, wakaifuata.

Zamani niliona jina hilo ni kosa. Leo kengele ikilia, naikumbuka na Ijumaa ya jirani. Tunaisherehekea Pasaka yetu kwa hesabu yake, na ufufuko haujapungua kitu.