Kamari Mbele ya Hakimu: Habari Zake Tangu Kale hata Siku Zetu

 Ndugu zangu Waislamu wa Kigali, katika kitabu hiki cha ukumbusho wengine wamepewa kuandika habari za misikiti na madrasa zetu. Mimi nimeona niandike habari za kamari, na jinsi mahakimu walivyozikata kesi zake kutoka zama hata zama. Ni jambo ambalo watu hulisemea sana na kulijua kidogo, na ujinga wake umekwisha kuwagharimu vijana wengi.

Waarabu wa zama za ujahiliya walikuwa na mchezo uitwao maysir. Ngamia alichinjwa, nyama ikagawanywa mafungu, kisha mishale ikatolewa mfukoni kwa bahati. Mwenye mshale wa fungu alipata, na mwenye mshale mtupu alilipa bei ya ngamia asiyemla. Katazo halikuja siku moja. Kwanza ilielezwa katika Sura ya Al-Baqara ya kwamba ulevi na kamari vina dhambi kubwa na manufaa kidogo, na dhambi yapita manufaa. Baadaye ndipo likaja katazo kamili katika Sura ya Al-Maida. Kabla ya hapo yasimuliwa kwamba Sayyidna Abubakar aliwekeana dau na Ubayy bin Khalaf juu ya vita vya Warumi na Waajemi.

Basi kadhi alimfanyaje mcheza kamari? Wengi hudhani ipo adhabu iliyowekwa kwa hesabu, kama ile ya mwizi. Haipo. Wanazuoni wameiweka kamari katika taaziri, yaani adhabu iachwayo kwa rai ya hakimu, ambaye huweza kumwonya mtu, kumfunga au kumpiga, kwa kadiri ya kosa na hali ya mkosaji. Mwangalizi wa soko, aitwaye muhtasib, alivunja vyombo vya kamari vilivyoonekana hadharani, wala hakuruhusiwa kupekua nyumba za watu kwa dhana tupu. Ushahidi wa mcheza kamari haukukubaliwa. Tena mali iliyoliwa haikuwa mali ya mshindi: ilipasa irudi kwa mwenyewe. Twaona basi kwamba swali la kadhi lilikuwa hili: mali hii ni ya nani, na mtu huyu atatengenezwaje?

Sasa na tuje kwetu. Mji wa Kigali ulianzishwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt. Pamoja na Wajerumani walikuja askari, makarani na wafanya biashara waliosema Kiswahili, na wengi wao walikuwa Waislamu. Mwaka 1913 ukajengwa msikiti wa Al-Fatah. Walipokuja Wabelgiji, wazee wetu walikaa katika kambi ya Waswahili huko Biryogo, wakawa chini ya macho ya serikali. Jioni watu walicheza bao, ambalo Wanyarwanda huliita igisoro, na bao lenyewe ni mchezo wa akili. Lakini karata zilifika pamoja na biashara, na penye karata na mshahara wa mwisho wa mwezi, dau halikawii.

Sheria ya Wabelgiji juu ya kamari ilitokana na desturi ya kwao. Huko Ubelgiji sheria ya tarehe 24 Oktoba 1902 ilimlenga zaidi yule aendeshaye mchezo wa bahati na kula faida yake. Fedha za mezani, samani na vyombo vya mchezo vilichukuliwa na serikali. Na katika sheria ya Ufaransa ya mwaka 1804, ambayo Wabelgiji waliirithi, deni la kamari halina madai mahakamani: mshindi hawezi kumshitaki aliyeshindwa ili alipwe, na aliyekwisha kulipa kwa hiari yake hawezi kudai arudishiwe, isipokuwa amedanganywa. Kwa hiyo hapo swali la hakimu likageuka. Hakuuliza tena mali ni ya nani. Aliuliza: nani mwenye nyumba ya kamari?

Katika Ruanda-Urundi makosa madogo yalihukumiwa na mabaraza ya polisi, na aliyekaa kitini mara nyingi alikuwa ofisa wa utawala. Hukumu ilikuwa faini, na asiyelipa alifungwa siku kadhaa badala yake. Wazee wa mji huu walilijua vizuri gereza lililoitwa 1930 kwa mwaka wa kujengwa kwake, ambalo wafungwa wake walihamishiwa Mageragere hata likafungwa mwaka 2018.

Kwa jirani zetu waliotawaliwa na Waingereza, kama vile Kenya, desturi ilikuwa nyingine. Sheria yao ilimshika mwenye nyumba pamoja na wachezaji. Polisi wakiingia kwa hati na kukuta vyombo vya kamari, nyumba hudhaniwa kuwa ya kamari mpaka mtu athibitishe vingine. Kwa sababu hiyo kesi nyingi hazikufika kwa mashahidi: mshitakiwa alikiri asubuhi, akatozwa faini, akatoka adhuhuri. Wepesi huo ulileta dhuluma zake, maana mtu aliweza kukiri asichokielewa. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Adan, ilipanga utaratibu: shitaka lisomwe kwa lugha aijuayo mshitakiwa, maneno yake yaandikwe, kisha maelezo ya tendo yasomwe, naye aulizwe kama ni kweli. Akiyakana, kukiri kwake hakuhesabiwi. Kesi ile haikuwa ya kamari, lakini faida yake yamfikia kila mwenye kosa dogo.

Rwanda ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962, na chama cha Waislamu kikaundwa mwaka 1964. Sheria za adhabu zimeandikwa upya mwaka 1977, mwaka 2012 na mwaka 2018. Lakini badiliko kubwa kwa jambo letu lilikuja kwa sheria ya tarehe 31 Desemba 2011, iliyopanga michezo ya bahati kuwa biashara yenye leseni, na kuwazuilia wasiofikia miaka 18. Mwaka 2012 ikawekwa kodi ya asilimia 13 juu ya mapato ya biashara hiyo, na mwaka 2025 ikapandishwa hadi asilimia 40. Tangu hapo swali limegeuka mara ya tatu. Hakimu haulizi, Je, umecheza? Auliza: leseni iko wapi?

Mwenye mashine zisizo na leseni, zile ambazo vijana huziita ibiryabarezi, hunyang'anywa mashine zake na kudaiwa faini. Likiwa shitaka la jinai, upelelezi hufanywa na RIB, ambayo kwa sheria ya mwaka 2019 haiwezi kumweka mtu zaidi ya siku 5 kabla ya kumpeleka kwa mwendesha mashtaka. Huyo naye, kwa kosa dogo, aweza kumtaka mtu alipe faini pasipo kesi. Akilipa, shauri limekwisha, na akikataa ana haki ya kwenda kwa hakimu. Kosa lisilozidi kifungo cha miaka 5 huanza katika Mahakama ya Mwanzo, iitwayo kwa Kinyarwanda Urukiko rw'Ibanze.

Katika habari hizi yapo mafunzo mawili. La kwanza: kijana akishikwa, asikubali asichofanya kwa sababu faini ni ndogo na kulala ndani ni kuchungu. Aulize ameshitakiwa kwa nini hasa, kwani kucheza ni jambo moja na kuendesha nyumba ya kamari ni jambo jingine. La pili ni zito zaidi. Wazazi wengi husema, serikali na iwashike, wataacha. Lakini serikali haikuahidi jambo hilo. Duka la kubashiri mpira lenye leseni halina kosa mbele ya hakimu, na kijana wa miaka 20 aliyepoteza humo mshahara wa mwezi mzima hana shitaka wala dai. Yaliyo halali kwa leseni si lazima yawe halali kwa dini.

Lile swali la kadhi, basi, mali hii ni ya nani na mtu huyu atatengenezwaje, limebaki bila mtu wa kuliuliza mahakamani. Limerudi kwetu sisi: kwa baba, kwa mwalimu wa madrasa, kwa imamu na kwa jirani. Tusipoliuliza sisi, hakuna atakayeliuliza.

Mwenyezi Mungu atulindie watoto wetu na chumo letu.